Kutu Ndani ya Mchuzi wa Stesheni

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mchuzi wa kahawia uliopikwa katika jiko la stesheni ya Dodoma ulitiwa kutu ya reli. Si hivyo tu. Niliamini kwamba kutu ile ikishakaa tumboni, gari la moshi likipiga filimbi humvuta aliyeila kama kamba inavyomvuta mbuzi, naye hupanda behewa bila kuaga, asirudi tena.

Aliyeniambia ni jirani yangu, mfugaji aliyehamia kutoka Haneti. Mdogo wake alikula mchuzi ule mara mbili tu kwa wajenzi wa reli, akapanda gari la kuelekea Tabora.

"Umemwona akirudi?" jirani aliniuliza.

Sikumwona. Kwa akili yangu ya wakati ule, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Msomaji asinicheke upesi. Ulikuwa utawala wa Mdachi, yaani Mjerumani, reli ilikuwa ngeni kuliko tembo mweupe, na mimi nilikuwa msomi. Nilihitimu darasa la jioni la misheni, nikashika nafasi ya kwanza kati ya watu kumi na mmoja, ingawa wanane waliacha kabla ya mtihani. Nilisoma kila kilichoandikwa mpaka macho yalipoishia: magunia, makopo, mabehewa. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi jikoni pale stesheni, na kwenye rafu palikuwa na chupa moja ya maji meusi mazito, haina hata herufi. Mpishi, mtu wa pwani aliyezeekea motoni, alikuwa akimimina kijiko kimoja kwenye sufuria, na mchuzi uliokuwa mweupe kama maji ya mchele ukigeuka rangi ya udongo wa kwetu. Kitu kisichoandikwa jina, niliwaza, kina sababu ya kujificha.

Tabu ilikuwa kwamba mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na tangu mimba ilipoingia hakutaka mlenda wala maziwa. Alitaka mchuzi wa stesheni. Kila jioni nilimletea mabaki kwenye kibuyu, naye alichovya ugali mpaka kibuyu kikabaki kikavu kama kilichoanikwa juani. Niliposikia habari ya kutu nikajumlisha vibuyu vyote, nikaona tayari ana reli tumboni ya kutoka Dodoma hadi Kilosa, na vituo vyake.

Nikaacha kuleta.

"Kibuyu kiko wapi?" aliniuliza jioni ile.

"Mchuzi umekatazwa."

"Na nani? Mdachi?"

"Na mimi. Una kutu. Mtoto atazaliwa akikimbilia stesheni."

"Mtoto hajaanza hata kutambaa, bwana we, unamkimbiza wapi?"

Gari la moshi lilipokaribia, niliketi juu ya upindo wa nguo yake nikamshika mkono. Likapiga filimbi. Akaangua kicheko. "Kama linanitaka, basi lije na mbeleko!"

Siku ya tatu hakucheka tena. Ugali akiutia mdomoni anautema. Mlenda akiunusa tu anatoka nje. Alibaki na uji mwepesi, nao haukukaa. Mikono ikakonda, na asubuhi moja akashika ukuta ndipo akaweza kusimama. Hilo silitii chumvi.

Nilifika kazini nikaweka kisu chini. "Fundi," nilimwambia mpishi, "niambie kweli. Mke wangu ana mimba, na amekula ile kutu yako. Itamtoka vipi?"

"Kutu ipi, bwana msomi?"

Nikaonyesha chupa. Mpishi alitia sukari kwenye kikaango kikavu, akakiweka juu ya makaa. Ikayeyuka, ikawa rangi ya asali, ikawa nyekundu, ikaanza kutoa moshi. Ilipokaribia kuwa nyeusi akaimwagia maji. Kelele yake! Nadhani nilifika Kondoa na kurudi kabla mvuke haujatulia. Akachovya kijiko akanipa nionje: uchungu kidogo, utamu kidogo nyuma yake. Nikaonja na ya chupa. Kitu kilekile.

"Kwa nini uunguze sukari nzuri?"

"Mzungu akiona mchuzi mweupe anasema haujaiva."

"Na mdogo wake jirani yangu je?" Nikamsimulia yote, filimbi na kamba ya mbuzi.

Mpishi alirudisha chupa mahali pake. "Haneti mvua haikunyesha," alisema. "Reli ilitafuta watu, ikawapa chakula, wakaifuata. Mimi mwenyewe nililetwa huku na njaa, si na mchuzi. Hii ni sukari iliyoungua, kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Ukizidisha, mchuzi unakuwa mchungu, basi. Nimewalisha watu miaka mingi, sijaona mtu iliyemdhuru. Lakini rangi haimshibishi mtu. Kinachomshibisha mkeo ni nyama na mafuta yaliyomo. Chukua kibuyu, umpelekee mchuzi sasa hivi, ungali moto."