Pikapu Mpya na Udongo wa Baba

Tarehe kumi na moja Januari nilimpoteza baba. Nilikuwa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, Qatar, katika nyumba ninayofanyia kazi ya udereva, nikipangusa vioo vya gari kubwa la familia, dada yangu aliponipigia kutoka kwetu magharibi mwa Kenya. Alisema, "Baba ametuacha." Tulikaa kila mmoja akimsikia mwenzake akipumua. Simu ilipokatika nilimaliza kupangusa vioo, kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri kupelekwa shule.

Siku tano baadaye alizikwa. Niliyaona mazishi kwenye simu, nimekaa kitandani katika chumba changu kando ya geti. Niliona viatu vya watu, niliona miwa ya jirani, niliona jeneza likianza kushuka, halafu picha ikaganda. Iliporudi watu walikuwa wanakung'uta mikono.

Sikwenda, na sitaki kumsingizia mtu. Nilikuwa nimerudi kazini kutoka likizo mwezi mmoja tu kabla ya hapo, nikaona haya kusimama tena mbele ya mzee mwenye nyumba kuomba ruhusa nyingine. Hakuninyima, maana sikumwomba. Sikumwambia yeye wala mtu yeyote wa nyumba ile. Niliendelea kumpeleka msikitini, kumrudisha, kumpeleka shambani kwa mbuzi wake, kumrudisha.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Katika ukoo wetu, mtu aliyefiwa hapitishi kitu kipya langoni kabla hajamtupia marehemu udongo kwa mkono wake. Iwe ni shati, sufuria, hata kuku wa kununua. Baba, aliyekuwa dereva wa trekta la kuvuta miwa, alinunua baiskeli wiki aliyofiwa na mama yake. Baiskeli ile ililala nje ya ua wetu siku nne, mvua ikiipiga, na yeye akiitazama kutoka mlangoni. Nilikuwa mdogo nikamuuliza kwa nini asiiingize tu. Alinijibu kwamba bibi hajafunikwa, na nyumba haiwezi kupokea kipya wakati haijamaliza kutoa.

Mwanzoni mwa Februari mzee aliniambia kwamba Jumamosi tutavuka mpaka kwenda Hofuf, Saudia. Mpwa wake alikuwa amemnunulia pikapu mpya ya shambani, ya gia za mkono, rangi ya mchanga, kama aliyokuwa nayo ujanani. Kazi yangu ingekuwa kuiendesha kuileta nyumbani, yeye akirudi na gari kubwa. Mama mwenye nyumba alicheka, akasema pikapu zimejaa Doha nzima na mzee anaifuata moja jangwani. Baadaye mpishi alinieleza kwamba mama wa huyo mpwa alikuwa dada wa mzee, na alifariki ile miaka ambayo mpaka ulikuwa umefungwa kwa ugomvi wa serikali hizo mbili. Mzee hakumzika. Mpaka ulipofunguliwa hakwenda pia. Kila mwaka alikuwa na sababu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Kwa miaka yangu yote Doha nilikuwa sijawahi kufika mwisho wa barabara ile ya kusini. Nyumba ziliisha, kisha nguzo za taa zikaisha, zikabaki nyaya za umeme na mchanga, na jua likatoka upande wangu kubwa kuliko nilivyowahi kuliona. Hapakuwa na kitu cha kulizuia. Kwetu jua linatoka nyuma ya mti, nyuma ya kilima, nyuma ya paa la mtu. Hapa lilitoka ardhini, zima, na kivuli cha gari letu kikalala jangwani kirefu kama treni. Nilipunguza mwendo bila kukusudia. Mzee aliniuliza kama nimeona ngamia. Nikasema hapana, nimeona jua. Akalitazama na yeye, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha nyumbani kwake alichokuwa amekisahau.

Abu Samra, kituo cha mpakani cha Qatar, hapakuwa na foleni. Miaka ya kwanza nilipofika Qatar watu walisema barabara hii imekatwa kama uzi, familia huku na familia kule. Sasa askari alitazama vitambulisho vyetu, akagonga muhuri kwenye pasipoti yangu, akatuonyesha kwa kidole tupite. Tukapita upande wa pili, Salwa, bahari ikaonekana kidogo kulia, ya buluu na tulivu kabisa, halafu jangwa tena, saa nzima na zaidi, mpaka mitende ya Hofuf ikaanza.

Mpwa alitupokea kwa kahawa na tende. Kabla ya kuiona pikapu, mzee alisema anataka kwenda makaburini. Tulikwenda watatu.

Nimezoea makaburi ya kwetu, yenye misalaba, saruji na majina. Pale palikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta ardhi tupu yenye mawe. Mawe tu, mpaka macho yalipochoka. Hakuna jina hata moja. Tajiri yuko hapo, na mchunga ngamia wa huyo tajiri yuko hapo, na hakuna awezaye kujua ni yupi. Nilivua kofia. Sijawahi kuingia kanisani nikaingiwa na hofu kama ile.

Mpwa alihesabu safu kutoka ukutani, akahesabu mawe, akasimama. Kisha akasita, akarudi, akahesabu tena, akasimama kwenye jiwe jingine. Alimwomba mjomba wake radhi. Mzee alimwambia hakuna neno. Alichuchumaa katikati ya yale mawe mawili, akaomba dua, akausawazisha mchanga kwa kiganja upande huu na upande huu, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Alipoinuka hakukung'uta mkono.

Pikapu ilikuwa uani kwa mpwa, viti vingali vimefunikwa plastiki. Nilipewa ufunguo na karatasi za gari na namba za muda za kuvukia. Nilipokanyaga klachi nilihisi mguu wa baba kwenye mguu wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha gia, nimekaa mapajani pake kwenye trekta. Niliwasha, nikamfuata mzee.

Njiani nilijidanganya vizuri tu. Nilijiambia hii si mali yangu, na barabara si lango. Injini ilikuwa laini, harufu ya upya ilijaa, jangwa lilikuwa jeupe kwa jua la mchana, na mimi peke yangu ndani ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukichosha. Nilikuwa karibu kufurahi.

Tuligongewa muhuri wa kutoka Saudia. Mbele yangu, ng'ambo ya kipande cha barabara kisicho cha huku wala cha kule, nikaliona lango la Qatar. Asubuhi nilikuwa nimelipita nikitoka, sikuliona. Sasa lilikuwa limekaa wazi katikati ya jangwa zima, kubwa, na nilikuwa nalielekea na kitu kipya. Nikaiona baiskeli kwenye mvua. Nikaweka taa ya pembeni, nikasimama kando, nikazima.

Mzee aliniona kwenye kioo, akasimama, akarudi kwa miguu, kanzu ikipepea. Askari mmoja naye akaja kutoka upande wa pili, akauliza gari jipya hivi limeharibikaje.

"Gari ni zima," mzee akamwambia. "Aliyeharibika ni dereva."

Askari akacheka. Mzee akainamia dirishani akaniuliza kama naumwa. Kiarabu changu ni cha kazini, maneno ya njiani na sokoni, na sikuwa na maneno ya jambo hili. Nilimwambia kwa nilichonacho: baba yangu amekufa, mimi sikwenda, sikushika udongo, kwetu kitu kipya hakipiti. Nikaonyesha usukani, nikaonyesha lango.

Malori mawili yakatupita.

"Alikufa lini?"

"Wiki nne."

"Wiki nne unanipeleka msikitini kila siku, na hukuniambia."

"Nilikuwa nimetoka likizo, baba." Ndivyo wafanyakazi wote wa nyumba ile tunavyomwita. Tangu Januari nilikuwa nalikwepa neno hilo, na sasa lilitoka lenyewe.

Alitazama nyuma, upande wa Hofuf, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo. "Mimi dada yangu alipokufa, lango hili lilikuwa limefungwa. Wewe nani alikufungia?"

"Ni mimi mwenyewe," nikasema.

Nilidhani atakasirika, na kama angeniambia niache kazi papo hapo nisingemlaumu. Lakini aliegemea mlango wa pikapu, mkono wake bado una vumbi kwenye mistari ya kiganja, akasema lango lilipofunguliwa alikaa miaka bila kwenda, kwa hiyo hawezi kunihukumu. Kisha akafungua mlango.

"Shuka. Mimi leo nimeshika udongo. Nipe ufunguo, wewe chukua lile la zamani."

Nilimwambia gia ni za mkono. Akasema alikuwa akiendesha gari la mkono kabla baba yangu hajaoa. Akapanda, akawasha, gari likaruka kama mbuzi likazimika. Akawasha tena, likazimika tena. Askari aliyekuwa bado amesimama pale akamuuliza, "Haji, nikutafutie dereva?"

"Ninaye," mzee akasema. "Yuko msibani."

Mara ya tatu gia ikaingia. Nilikimbilia gari kubwa nikamfuata. Nilimwona akipita chini ya lango lile, mzee wa miaka sabini na kitu amekalia plastiki, ameshika usukani kwa mikono miwili, na mbele yake Qatar yote imetandazwa na jua linaanza kuinama. Nililia tangu hapo mpaka taa za kwanza za barabarani. Ndiyo mara ya kwanza niliyolia tangu Januari.

Umm Salal, mama mwenye nyumba alikuwa getini. Alimuuliza mumewe kwa nini anaendesha yeye na dereva analipwa. Mzee alipita na pikapu hadi ndani, akaizima, akamwambia maneno machache kwa sauti ya chini. Mama alinijia nilipokuwa bado nje, akaniambia poleni, na akanikaripia kwa kunyamaza, kama anavyowakaripia wanawe.

Jumatano, kwa ruhusa ya mzee, nilipanda ndege. Nilifika kwetu mchana, na begi jipya nililolinunua Doha la zawadi za dada na watoto. Niliacha begi nje ya ua, nikaenda moja kwa moja kaburini. Walikuwa wameshalijengea saruji. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilisimama na udongo mkononi, pasipo na pa kuutia. Dada alikuja akasimama karibu nami, akasema, "Weka hapo hapo juu." Niliuweka. Ulikaa juu ya saruji, konzi moja nyekundu.

Aliuliza kama auzoe, upepo usije ukaupeperusha. Nikasema tuuache. Kisha nikatoka nje ya ua kulichukua begi. Kuku alikuwa amesimama juu yake. Nikamfukuza, nikaliinua, nikaingia.