Baraka Moja ya Ng'ombe

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi ya mifugo hapa Rubavu, nyuma ya mzee aliyekuja kuandikisha ng'ombe wake kwa chanjo. Mjukuu wake wa kike alikaa kwenye benchi na kazi ya shule: abuni majina ya makundi ya wanyama, kisha achague moja alitungie hadithi.

“Bon, mzee, ng'ombe iko ngapi?” karani akauliza.

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama vile jibu limo humo. “Mwanangu, ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu, wanapungua.”

“Bila hesabu, dawa hakuna.”

Mzee akageuka aende zake. Ndipo binti akainua daftari. “Kunguru nimewaita baraza, fisi nimewaita kicheko. Ng'ombe wa babu ni baraka. Andika baraka moja.”

“Na baraka moja inakula chupa ngapi?”

“Mtume daktari na boksi zima,” mzee akasema. “Ng'ombe wakiisha, arudi na chupa zilizobaki.”

Karani akakuna shingo, akaandika.

Alama za binti sizijui. Ila daktari atawahesabu kimya kimya, kama sisi sote tunavyohesabu ng'ombe wa jirani.