Chumba cha Nyuma ya Meli

Mdogo wangu wa kiume anafua mashuka kwenye meli ya watalii. Meli yenyewe huondoka Durban, hutembeza watu baharini siku chache, kisha huwarudisha palepale. Ilikuwa imepita miaka tisa hajakanyaga Likasi, mji wetu. Baba alipofariki yeye alikuwa majini, akatulilia kwa simu huku mashine za kufulia zikinguruma. Ndiyo maana aliporuhusiwa kupandisha ndugu wawili kwa bei ya wafanyakazi hakufikiri mara mbili. Mama angesafiri, mimi ningemsindikiza, na mama angemwona mwanawe. Bahari ilikuwa kisingizio tu.

Alinitumia ramani ya meli kwenye simu, tuchague chumba kabla ya Jumamosi kwisha. Asubuhi ya siku hiyo mama alikuwa uani anachambua samaki wakavu wa Kapolowe. Nilichuchumaa nikamwonyesha vile vyumba, vimepangwa kama matofali yaliyoanikwa. Nikamweleza: hivi ni vya pembeni, hivi vya ndani havina dirisha, na hivi vichache vya nyuma kabisa vina kibaraza kinachotazama maji ambayo meli imeshayapita.

Hakuuliza habari ya kitanda wala choo.

"Miye nataka ile ya ku nyuma," alisema.

"Mama, kule kunatetemeka. Mashini iko pale chini. Hautalala."

"Nyumba yetu ilikuwaka inatetemeka kila siku. Nililala."

Alisema kweli. Tulikulia kando ya reli, na baba alifanya kazi kwenye treni za mizigo, si mbele kwa dereva bali kwenye behewa la mwisho, amesimama na bendera yake ya kijani, akihakikisha kwamba hakuna behewa lililokatika njiani. Mama alizoea kutoka na mtoto mgongoni kwenda kusimama penye kivuko cha reli. Kichwa cha treni kilipita bila yeye kukijali. Mabehewa ya mawe ya madini yalipita yote, marefu, yenye vumbi, na mwishoni kabisa akapita mumewe, akamwinulia bendera. Kisha mama alibaki pale akimtazama, na baba naye akimtazama, mpaka kona ya reli iwatenganishe. Alipenda kututania kwamba wanawake wengine walipokea waume zao, yeye alizoea kuona wake akiondoka.

Ningemwelewa siku ile kama ningetaka. Lakini mimi ni mtu wa kuamua haraka na kujuta polepole, na isitoshe niliogopa. Kwetu, mkishazika mtu, mnatoka makaburini bila kuangalia nyuma, marehemu asije akawafuata nyumbani. Siku ya baba, shangazi zangu wawili walimshika mama mikono, huyu huku na yule huku, wakamtoa hadi langoni. Nilikuwa nyuma yao, niliiona shingo yake ikitaka kugeuka. Hata kanisani kwetu kila Jumapili tunaambiwa twende mbele, mbele tu. Sasa mjane wa miezi saba anataka kukaa siku nne kibarazani, macho nyuma. Nilimwona tayari ameketi pale analia, halafu anaugua, halafu lawama ni zangu.

"Mama, unajua gisi banasemaka juu ya kuangalia ku nyuma," nilimwambia.

Alivunja kichwa cha samaki, akakitupia kuku.

"Ku makaburi balinishika mikono. Kule ku meli, nani atanishika?"

Niliingia ndani, nikamwandikia mdogo wangu achukue chumba cha pembeni, katikati ya meli, pasipotetemeka. Kisha nikarudi uani na uso wangu mkavu.

"Byumba bya ku nyuma biliisha, mama. Batu balibichukua byote."

Alinitazama kidogo.

"Bon," alikubali. "Njo vile."

Hakulitaja tena. Alipigwa picha ya pasipoti, alichanjwa chanjo ya homa ya manjano, alishonesha kitenge kipya, akawa anauliza wageni kama melini watampa bukari, ugali wetu, au itabidi abebe unga wake. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimelimaliza jambo vizuri. Mvua zilianza, karatasi za safari hazijatoka, na asubuhi moja moyo wake ukasimama akiwa anafunga kilemba. Mdogo wangu alikuwa majini tena.

Tulipomzika, shangazi zangu walinishika mimi. Walinishika kwa mazoea tu, maana sikuwa na nia ya kugeuka. Nilitoka makaburini nimenyoosha shingo, mtoto mwenye adabu.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alipiga simu nikiwa nakunja nguo za mama. Alikuwa amefika bandarini.

"Yaya," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mama alinipigiaka simu ile Jumamosi."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama chumba ya ku nyuma iko. Nikamwambia iko, iko hata tatu, nibadirishe? Akasema: acha. Yaya yako iko na woga. Usimwambie."

Kile kitenge kipya kilikuwa mapajani mwangu, bado na pini za fundi. Nilimwambia mdogo wangu nitampigia baadaye, na sikumpigia. Mama aliishi na uwongo wangu miezi mitatu, akanitunzia. Alitaka kukaa mahali pamoja tu ambapo hakuna wa kumkataza kumtazama mumewe akienda, na aliyemkataza ni mimi.

Kutoka makaburini hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Siku tulipomzika mama nilitembea wote, na sikugeuka hata mara moja.