Viatu Vilivyozeekea Kabatini

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kiatu kipya kilivunjika vipande mguuni mwangu kabla hakijapata hata doa. Nilikuwa hapo pwani ya Shelly, maji yamekupwa, na kaka yangu ameketi kwenye kiti cha plastiki tulichombebea kutoka nyumbani, ananitazama.

Nimeikumbuka leo kwa sababu ya lile boksi lililo chini ya kitanda chako. Usikasirike, Saumu. Sikuingia kupekua, nilikuwa nafagia, ufagio ukaligonga. Nikafungua nikaviona viatu alivyokutumia mama yako kutoka Uarabuni, vile vya kukimbilia, bado vina karatasi ndani na kamba hazijatiwa. Nikakumbuka ulivyosema siku ulipovipokea, kwamba hutavivaa mpaka siku mama yako Zuhura atakapoteremka kwenye ndege. Nikakumbuka pia kwamba tangu siku hiyo sijakusikia ukifungua mlango alfajiri kwenda kukimbia. Basi kaa kidogo unisikilize mimi bibi yako. Chai ipo, na mahamri yapo.

Nyumba yetu ya Shika Adabu, huku Likoni, ilikuwa imejaa watu. Mama yangu akipika mahamri ya kuuza, na kazi yangu ilikuwa kuyavusha kwa feri mpaka ng'ambo kwenye mikahawa kabla watu hawajaamka sawasawa. Ukiishi Likoni, kukimbia hufundishwi na mtu. Unasikia honi ya feri ukiwa bado juu kwenye mteremko, na watu wote, mwenye suti na mwenye kapu, wanaanza kukimbia pamoja. Mimi nilikuwa nakimbia na kapu kichwani na buibui nimelikusanya mkononi, na wanaume nilikuwa nawapita. Athumani, kaka yangu aliyenitangulia kuzaliwa, aliniona asubuhi moja akacheka mpaka akakohoa. Jioni akaniambia, "Mwanasha, wewe mbio unazo. Lakini unamkimbilia nahodha wa feri tu. Kesho twende pwani ukimbie kwa ajili yako mwenyewe."

Mavazi ndiyo yaliyokuwa kesi. Mama alisema binti yake hatakwenda pwani kuonyesha miguu, na alikuwa na haki yake, maana majirani zetu walikuwa na macho marefu. Aliyeimaliza kesi hiyo ni shangazi yangu Mwanahamisi, dada yake baba, aliyekuwa fundi wa cherehani. Alinishonea suruali pana ya pamba, na shati refu la kufika magotini lenye mpasuo huku na huku ili hatua isibanwe. Mtandio aliushona chini ya kidevu upepo usiuchukue. Kifuani alinifunga leso aliyoikunja mara kadhaa, akaikaza mpaka nikalalamika.

"Utanishukuru," akasema.

Nilimshukuru kweli. Siku hizi mna sidiria za kazi hiyo, zinauzwa Nyali kwenye maduka ya vioo, lakini shida ni ile ile iliyokuwapo zamani. Hata ile michubuko ya mapajani ni ile ile, na dawa yake bado ni mafuta ya nazi ujipake kabla hujatoka, si baada ya kurudi ukilia. Miguuni nilikuwa na raba za kitambaa za shule, na kidole gumba kimoja kilikuwa kinachungulia nje. Sikuona aibu hata kidogo.

Nikuambie nilichokipata huko, maana sikupata kikombe wala hakuna mtu aliyewahi kunipimia muda. Nyumbani kila saa nilikuwa naitwa. Mwanasha chota maji, Mwanasha mbembeleze mtoto, na mimi abee, abee, kutwa nzima. Pale mchangani hakuna aliyeweza kunituma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa naondoka nyumbani nimefura kwa hasira, na hasira nilikuwa nazo, waulize walionijua, lakini nikifika kule kwenye majabali na kugeuka, nilikuwa nimesahau ni nani aliyenikasirisha. Usiku nilikuwa nalala kama mtoto aliyeshiba. Nilikuwa na furaha, mwanangu, na nilijua kwamba nina furaha, jambo ambalo si watu wengi hulijua wakati lenyewe.

Athumani akapata kazi ya meli, akaondoka. Niliendelea bila yeye. Shangazi alikuwa anakuja kukaa pwani na ukili wake, anasuka mkeka huku akinichunga, na midomo ya majirani ikatulia.

Ndipo lilipokuja boksi. Baharia mwenzake Athumani alilileta mpaka mlangoni. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vyenye mstari wa buluu, na soli nene laini, ukiibonyeza kwa kidole inashuka halafu inarudi. Sijapata kuona kitu kama kile. Yule baharia akasema, "Kaka yako anakusalimu. Anasema uvivae mpaka vitoboke."

Unafikiri nilivivaa? Wewe unatujua tulivyo. Kwetu kitu kipya kina siku yake. Nguo mpya ni ya Idi, sahani za maua ni za wageni, na mashuka mazuri yamewekewa arusi ya mtu ambaye hata hajachumbiwa. Nilivifunga kwenye nailoni nikatia na vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, nikavisukuma ndani kabisa ya kabati, chini ya nguo za Idi za mama. Nilijiambia nitavivaa siku Athumani atakaporudi, tukimbie pamoja mpaka majabalini, yeye na vyake na mimi na vyangu. Niliona hiyo ndiyo heshima anayostahili ndugu aliyenikumbuka akiwa mbali.

Kilichofuata sikukitarajia. Zile raba zangu, ambazo hazijawahi kunikosea, zikaanza kunichukiza. Kila nikizivaa nilikuwa nawaza vile vilivyomo kabatini, na nikijitazama miguu naona nimevaa matambara. Nikaruka siku moja, nikaruka wiki, mwisho nikaacha kabisa. Shangazi alikuja na ukili wake jioni moja akanikuta nimejilaza.

"Mwanasha, kabla hujaletewa viatu ulikuwa ukikimbia," akasema. "Umeletewa viatu, umeacha. Sasa nieleze mimi nisiyeelewa. Vimekuja kufanya nini?"

"Wallahi shangazi, vile si vya kutiliwa mchanga. Namngoja kaka."

Akachukua ukili wake akaenda zake. Mimi nikaona mtu mzima hajui thamani ya vitu vya ng'ambo.

Miaka ikapita, na Athumani harudi. Nilinenepa, hilo si neno, lakini pumzi ilinikimbia. Honi ya feri ikilia nilikuwa nasimama pembeni nawapisha wengine. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na ile hasira yangu ya zamani ikarudi na kukaa kama mwenye nyumba. Hata siku moja sikuunganisha mambo hayo na lile boksi. Mara kwa mara nilikuwa nafungua kabati, naonja kwa macho, nafunga.

Athumani alirudi kwa magongo. Kamba ya kufungia meli ilikatika bandarini, nchi za watu, ikampiga mguuni. Alilazwa huko muda mrefu, na madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Sisi tulijua kwamba ameumia. Hayo ya kukatwa hakutuambia mpaka tulipomwona mlangoni. Nyumba ilijaa, watu wakaomba dua, wanawake wakalia jikoni kwa sauti ndogo asisikie. Wageni walipotoka aliniita.

"Mwanasha, hebu niletee vile viatu nivione."

Nilikwenda mbio, na nilikwenda kwa fahari. Nilivifungua mbele yake, vyeupe kama vilivyokuja. Hakuvitazama juu. Alivipindua, akapitisha kidole gumba kwenye soli, kimoja halafu kingine, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo.

"Hukukimbia?" akauliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe, kaka."

Akasema polepole, bila ukali, na heri angenikaripia. "Kule hospitali kila jioni nilikuwa nafumba macho nakuona unapita pale majabalini. Nilikuwa najiambia, haidhuru, mmoja wetu anakimbia."

Mwanangu, nimewazika wazazi wangu na nimemzika babu yako. Lakini maneno hayo bado yananichoma nikiyakumbuka, na leo nimeyakumbuka mbele ya kitanda chako na ufagio mkononi.

Kesho yake maji yalipokupwa tulimpeleka pwani, nimembebea kiti. Zile nguo za shangazi zilinibana kila mahali. Nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikaanza. Hatua za mwanzo vilikuwa laini ajabu. Kisha nikahisi kitu kinamomonyoka chini ya kisigino kama keki iliyokauka, na nilipotazama nyuma niliona vipande vya soli vimetapakaa mchangani. Soli ya pili ikang'oka ikabaki inaning'inia. Joto na unyevu wetu wa pwani ulikuwa unazila soli hizo kidogo kidogo ndani ya nailoni, miaka yote hiyo, na juu kiatu kinang'aa. Nilisimama pale nikalia. Nililia kwa ajili ya viatu, na mguu wa kaka yangu, na jioni zote nilizojilaza nikidhani natunza kitu.

"Vua," Athumani akasema.

"Kaka, vimekwisha."

"Vua, uende. Sikuja kutazama viatu."

Nikavua. Nikakimbia miguu mitupu, chaza zinanikata, pumzi inakoroma, mpaka majabalini. Kurudi nilirudi nikitembea, nimeshika mbavu. Nilipomfikia niliona analia na kucheka kwa pamoja. Shangazi alikuwa kando yake na ukili, hata kichwa hakuinua. Alisema tu, "Kesho tuje mapema kidogo, jua hili kali."

Tangu hapo sikuacha tena ila kwa uzazi na maradhi. Viatu nilikuwa nanunua vya mitumba sokoni Kongowea, na Athumani ndiye aliyenifundisha kuvichagua. Ubonyeze soli uone kama bado ina uhai, ukikunje kiatu usikie kama gundi inalia, uache nafasi ya kidole gumba mbele, na ujaribu jioni, wakati mguu umevimba kwa kazi za mchana, si asubuhi unapokudanganya. Muuzaji akikuambia kitatanuka, mrudishie. Nikivimaliza nilikuwa nampelekea Athumani avikague. Alikuwa anavipindua na kusoma soli. "Mguu wa kulia unauburuta, Mwanasha. Umechoka au una jambo?" Na mara nyingi nilikuwa na jambo, na tulikuwa tunalizungumza. Alipokuwa kitandani, ugonjwa wake wa mwisho, nilimpelekea jozi iliyotoboka kabisa. Aliingiza kidole kwenye tundu, akakitokeza upande wa pili, akatabasamu. Sijapata zawadi kubwa kuliko tabasamu lile.

Siku hizi mbio zangu unazijua, za kobe. Vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo wananiambia, "Shikamoo bibi, panda nikufikishe." Nawaitikia marahaba, naendelea. Magoti yananisema, lakini usingizi ninao, na hasira zangu zimebaki za kukuhimizeni kuosha vyombo tu.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, Saumu, na nawapa vijana wote watakaonisikiliza. Usiiwekee akiba furaha ya mwili wako. Pumzi ya umri huu haikai kabatini ikakungoja; usipoitumia inaondoka, na huisikii ikiondoka. Vaa kiatu kizuri ukikipata, na usipokipata kimbia na kibovu, ila usikubali kiatu kiwe sababu ya kukaa. Anayekupenda hakukutumia kitu ili ukilinde. Mama yako anafanya kazi nyumba ya watu, anaamka kabla yao na analala baada yao, na hana pa kukimbilia huko. Wewe unadhani jioni akifumba macho anaona nini? Boksi?

Ukimpigia simu Ijumaa usimwambie kwamba umevitunza. Mwambie ulikofika.

Kesho maji yanakupwa mapema. Tia kamba leo usiku, alfajiri tutoke pamoja, mimi nitabeba kiti changu nikae pale pale alipokaa Athumani. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu na miguu yenye afya, akuepushe na jicho baya na gari la mwendo wa kasi, akupe usingizi mtamu na moyo mwepesi. Na amrudishe Zuhura kwetu salama, avichukue viatu hivyo mkononi mwako, avipindue, avikute vimetoboka. Amina.