Mchekeshaji asiyejibiwa

Leo nimenyamazishwa sebuleni kwa kosa la kumjibu mchekeshaji.

Mjukuu wangu Kabula, hapa Ibadakuli, kaniwekea kwenye runinga kijana mmoja amesimama na maiki. Anachekesha peke yake saa nzima.

Akasema wazee wanakoroma kama trekta bovu.

Nikamjibu, "Na wewe suruali imekubana mpaka umetoa sauti ya shangazi yako."

Kabula akasema, "Babu, hakusikii. Hiyo ilisharekodiwa."

Sasa huo ni utani gani jamani? Mtu anakutukana, halafu huna pa kumrudishia.

(Kipaji anacho, sikatai. Meno yangu ya bandia yalihama kwa kucheka.)

Ila nikamkumbuka mtani wangu Mgogo, fundi baiskeli wa kule Kishapu. Siku tunamzika mke wangu, aliruka kaburini akajilaza, akagoma kutoka.

"Mama wa watu amechoka na huyu Msukuma," akasema. "Msimfuate huku, mwacheni apumzike."

Nililia, nikacheka, vyote kwa pamoja. Bila yeye sijui ningerudije nyumbani siku ile.

Mwaka jana tukamzika yeye. Kaburini nikalala mimi, na mgongo wangu huu. Walinitoa watu wanne.

Kabula akaniuliza, "Babu, unawaza nini?"

Nawaza kaburini mwangu atalala nani.

Wagogo mliomo humu, anzeni kunitukana hapo chini. Nataka nimchague mmoja wenu mapema.