Kufuli Tatu za Kibubu cha Binti Yangu

Hela ya kwanza ya binti yangu ilidondoka kutoka mtini, na nilikuwepo ikidondoka. Huku kwetu Newala korosho haichumwi. Unasubiri bibo liive lianguke lenyewe, ndipo uiname, uinyofoe korosho yake, utie kwenye ndoo. Mama yangu mzazi, ambaye shamba lake liko Mkunya, ana utaratibu wake kwa wajukuu: mtoto akishakuwa na akili ya kuokota anaonyeshwa mkorosho mmoja. "Kinachodondoka chini ya huu ni chako," anaambiwa. "Usipande na usitikise tawi. Subiri."

Binti yangu alionyeshwa wake akiwa darasa la tano. Weee! Mtoto ambaye kumwamsha aende shule ni vita, ambaye ningekuwa nammwagia maji usoni kama maji ya Newala yangekuwa ya kuchezea, Jumamosi alikuwa anaamka kabla yangu na kunigongea mlango. "Mama, twende kwa bibi, zitakuwa zimeanguka!" Tukifika, hata shikamoo anaitoa huku anakimbia, na bibi yake anauitikia mgongo wa mtoto marahaba. Alikuwa anaokota, anaanika, anafukuza kuku, anarudi kutazama juu kama anayewabembeleza mabibo washuke. Na mimi nilikuwa nacheka peke yangu, maana nilijiona mwenyewe.

Korosho zake zilipelekwa ghala la chama cha ushirika pamoja na za bibi yake, zikauzwa kwenye mnada wa mwanzo. Malipo yalipoingia, mama alikuja mjini kuchukua, akapita nyumbani, akafungua fundo la kanga na kumkabidhi mjukuu wake fungu lake. Mtoto alizinusa zile noti. Akazihesabu, akazipanga vichwa upande mmoja, akazihesabu tena. Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele, majirani wakachungulia kujua nani ameolewa.

Sasa, msimu wa korosho hela ikishuka na wauzaji wanashuka nayo. Siku ileile ilipita pikipiki ya machinga kutoka Masasi, imefungwa bidhaa nyuma mpaka dereva haonekani. Na humo ndani kulikuwa na raba nyeupe ambazo ukikanyaga chini kisigino kinawaka taa, nyekundu, bluu, nyekundu. Binti yangu macho yalimtoka. Bei ilikuwa inazidi alichonacho kwa kidogo tu, na machinga kwa kuona vile akasema atarudi baada ya Krismasi, anaweza kumwekea jozi moja.

Nikasema maneno ambayo kila mama wa nchi hii ameshayasema. Nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Lete nikuwekee."

Mtoto akazificha noti mgongoni. "Kama bibi alivyokuwekea wewe?"

Nilichoka! Na mwenye kosa ni mdomo wangu. Hadithi ile nimeisimulia sana, kila nikikorofishana na mama naisimulia. Nilipokuwa mkubwa kama binti yangu niliokota korosho kwa jirani msimu mzima, vibarua vya mikono yangu. Sokoni hapa Newala nilikuwa nimeona mwavuli mwekundu. Nilikuwa nautaka mwavuli ule mpaka nauota. Mama akasema lete nikuwekee, nikampa, na mpaka leo sijauona mwavuli wala hela. Nikiuliza, naambiwa nguo uliyovaa imetoka wapi, ugali unaokula umetoka wapi. Nani asiyejua hesabu za mama zetu?

Basi nikaapa kwamba huyu wa kwangu hatakuja kuhadithia hivyo juu yangu. Mimi ni mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, na sanduku letu la kikoba lina kufuli tatu, kila ufunguo una mtu wake, na bila watu watatu kukaa pamoja halifunguki hata kama nyumba inaungua. Nikaenda kwa seremala nikamwambia anitengenezee kibubu, kisanduku cha akiba, cha namna hiyo. Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Dada, unahifadhi dhahabu?" Nikamwambia pigilia misumari, maneno weka.

Ufunguo mmoja nikampa binti, mmoja nikabaki nao, wa tatu nikampelekea mama Mkunya, akaufunga kwenye fundo la kanga. Binti yangu siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili alikuja na katiba kichwani: kikao hakianzi bila salamu, simu ikilia ni faini, mkopaji awe na mdhamini, mkopo una riba. Vyote hivyo alikuwa amevisikia barazani kwangu akijifanya anacheza rede. Akajipa na uenyekiti.

Na alitunza kweli. Akipewa hela ya kubangua korosho kwa jirani, anaisukuma kwenye tundu la kibubu halafu anakitikisa sikioni. Nikimwona hivyo moyo unanipaa. Mtoto mdogo, hajui hata kusuka nywele zake, ana kitu chake anachokingojea! Nilimtangaza kwenye kikoba mpaka wenzangu wakaniambia basi, tumesikia.

Halafu upepo ukang'oa gata langu.

Mtu asiyejua huku atasema gata ni nini, si bati la kukinga maji tu. Njoo Newala kiangazi utajua. Sisi maji yetu yanatoka mbinguni. Mvua inapiga bati, inashuka kwenye gata, inaingia kisimani uani, na hicho kisima ndicho utakachokunywa, kupikia na kufulia mpaka mvua nyingine. Gata likikosekana mvua za kwanza, kiangazi chote utanunua maji kwa dumu, na utauza mpaka sufuria. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma, mazito, yananguruma mchana. Korosho zangu za shamba la Makote zilikuwa zimeuzwa mnada wa nyuma, malipo bado. Baba watoto yuko Masasi kwenye vibarua vya ujenzi, naye anasubiri kulipwa. Kikoba chetu kilikuwa kimeshakopesha chote. Fundi akasema hana shida na mimi, ila mwenye duka la bati anataka taslimu.

Hela iliyokuwepo nyumbani kwangu ilikuwa moja tu, na ilikuwa chini ya kitanda cha mtoto, nyuma ya kufuli tatu nilizoziweka mwenyewe.

Nilizunguka uani asubuhi nzima nikigombana na kuku. Mwishowe nikamwita. "Mwenyekiti," nikasema, na sauti ilikuwa ngumu kutoka, "naomba mkopo."

Hakucheka. Alinitazama, akatazama ukuta pale gata lilipokuwa, akasema, "Mpigie bibi aje na ufunguo."

Mama alifika kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana, anahema, anadhani kuna msiba. Alipoambiwa ni kikao cha kibubu alitaka kurudi na bodaboda ileile. Mwenyekiti akamtandikia mkeka barazani, akamwamkia, akaleta kibubu, akatutangazia simu zizimwe. Ya kwangu ikalia palepale, nikatozwa faini. Nikakubali bila kugomba. Mimi! Wanaonijua wangeanguka.

"Mkopo ni wa nini?"

"Gata."

"Utarejesha lini?"

"Malipo ya korosho yakiingia. Kabla machinga wako hajarudi, naapa."

Hapo ndipo alipokivuta kibubu karibu naye. Alikuwa anazijua ahadi za watu wazima. Ile jozi ya raba ilikuwa imebaki hatua chache imfikie, na mimi nilikuwa naiomba irudi nyuma.

"Mdhamini wako nani?"

"Bibi yako huyu hapa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu. "Bibi hawezi. Katiba inasema mwenye deni hadhamini, na bibi anadaiwa. Anadaiwa na wewe. Hela ya mwavuli."

Mtume! Nilitamani mkeka unimeze. Mama yangu alinigeukia na lile jicho lake, akaanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kimakonde, na sehemu ya Kimakonde siiandiki. Alipotulia alimwonyesha mjukuu wake kidole, si kwa ukali.

"Ule mkorosho niliokupa unajua umetoka wapi?"

"Kwako, bibi."

"Kulikuwa na mzee mmoja pale Mkunya, mikorosho yake ilikuwa inazaa kuliko ya wote. Hakuwa anagawa mbegu, alikuwa anauza. Hela ya mama yako nilinunulia mbegu pale. Nikapanda tatu. Mbili zikaliwa na mchwa. Iliyobaki ndiyo mkorosho huo unaookotea."

Miaka yote hiyo! Nimeupita mti ule nikienda kuchimba muhogo, nimekaa kivulini mwake nikimsema mama kwa majirani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" akasema. "Wewe huulizi, wewe unapiga kelele. Nilikuwa nangoja siku uniulize vizuri. Na kwa umri ule ningekuambia mwavuli wako ni mbegu ziko ardhini, ungenielewa?"

Nisingemwelewa. Ningelia mpaka usiku. Nilikuwa nimeanza kucheka, huku machozi yananitoka, nikamshika mama goti, yeye anauondoa mkono wangu kwa kujifanya bado amekasirika. Ndipo nikamtazama mwenyekiti.

Alikuwa amekikumbatia kibubu.

"Kwa hiyo mti ni wa mama," akasema. "Na korosho zilikuwa za mama." Akakiweka kibubu chini, akakisukuma juu ya mkeka mpaka kikagusa mguu wangu. "Basi chukua tu, mama. Siyo mkopo."

Mawingu yalinguruma. Hela ya gata ilikuwa inagusa mguu wangu, bila riba, bila kurejesha, na hata mama yangu asingenilaumu. Lakini nilimwona yule mtoto anavyobana macho ili asilie mbele yetu, nikajiona mimi nimesimama mlangoni kwa mama nimetoa mkono na hela.

Hasira zangu zina faida siku nyingine. Nilikirudisha kibubu kwa nguvu mpaka kikagonga goti lake.

"Mwenyekiti!" nikafoka. "Mimi nimekuja kuomba mkopo hapa, sijaja kugawiwa urithi! Mti amekupa bibi yako, korosho umeokota kwa mgongo wako. Unanikopesha au hunikopeshi? Mvua inakuja!"

Akashtuka. Akamtazama bibi yake. Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. Mimi nikatoa wangu. Naye akautoa wake shingoni, akafuta pua kwa mkono, akasema, "Deni la bibi limefutwa. Anaweza kudhamini. Na riba iko palepale."

Tukafungua.

Fundi alimaliza gata kesho yake, na keshokutwa yake mvua ilikuja. Haikunyesha ile, ilimwagwa! Tulitoka uani wote, tukalowa chapachapa, tukainama juu ya kisima tukisikiliza maji yanavyoporomoka mle ndani. Binti yangu alikuwa anaruka na kupiga kelele, "Gata langu! Gata langu hilo!" Mtaa mzima ulijua gata ni la nani. Nilimwacha, kwa sababu ni kweli lilikuwa lake mpaka nitakapolipa.

Malipo yangu yaliingia baada ya Krismasi. Sikupita dukani, sikupita popote, nilitoka benki nimebana mkoba kwapani kama mwizi. Tukamwita mama, tukakaa mkekani, nikalipa mkopo, riba na ile faini ya simu. Mwenyekiti alihesabu. Mkopo akautia kibubuni. Faini akaitia kibubuni. Riba akabaki nayo mkononi, akaizungusha, halafu akanipa kwa mikono miwili, amepiga goti kama tunavyowafundisha kumpa mtu mkubwa kitu.

"Hii ni ya mbegu," akasema.

Nikaipokea, nikajifanya nafunga mkoba upya. Mama yangu naye ghafla akapata shughuli ya kutafuta kandambili zake ambazo alikuwa amezivaa.

Machinga alirudi kama alivyoahidi, pikipiki imelemewa vilevile. Mnaosoma hapa mkidhani mtoto atasema raba hapana, ataweka hela mpaka chuo kikuu, mtangoja sana. Alizinunua! Chenji akairudisha kibubuni mbele ya mashahidi, halafu akakimbia na zile raba barabara nzima, nyekundu, bluu, nyekundu, na watoto wa mtaa nyuma yake. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Alizingoja, alizipata, na hakuna mtu mzima aliyekula hela yake.

Mimi nilibaki pale kwenye pikipiki na hela ya mbegu mkononi.

"Mama, na wewe nikupe nini?" machinga akaniuliza.

Nikamwambia avute kile kilichochomoza chini ya mabeseni. Akavuta. Ulikuwa mwekundu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na wingu hakuna hata moja. Niliufungua palepale, nikauinua juu ya kichwa, nikatembea nao kutoka barabarani mpaka barazani nilipomwacha mama yangu. Majirani walikuwa wanacheka, wananiuliza mvua iko wapi. Mama hakuniuliza. Alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi, nikakaa, tukawa wawili chini ya mwavuli wangu.