Habari Mbili na Neno Nililoliongeza

Siku ile Mwalimu Hyera aliponirudishia karatasi ya mtihani wa majaribio naikumbuka vizuri, mwanangu, hata mahali nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa karibu na dirisha la darasa la saba, lile lenye kioo kilichovunjika, ambako baridi ya Matiri huingilia asubuhi.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua nimekuzidi umri kidogo tu, na kule kwenu Mbaha tumegombania ndoo ya maji juzi juzi tu. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu na mimi ni shangazi yako, kwa hiyo kwa leo nivumilie niwe mtu mzima. Ana kwa ana nisingeweza kukuambia haya. Unanijua: mgeni akiingia nyumbani, mimi huwa wa kwanza kukumbuka kwamba kuni zimeisha. Ndiyo maana naandika humu kwenye daftari langu, na baba yako akipita hapa shuleni nitazichana kurasa hizi nimpe akuletee.

Nimesikia unakuja kufanya mtihani wa kujiunga na shule yetu hii ya masista. Nimesikia pia kwamba jina lako halikuwamo katika waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali. Langu pia halikuwamo, Skola. Kwa hiyo najua unavyolala na unavyoamka. Mlango uliobaki ni huu mmoja, na ukifungwa, ni kurudi kuanika usipa, dagaa wenu wa ziwani, na kusikiliza watu wakiulizana utaolewa lini.

Sasa nikuambie wengi wanaanguka wapi. Hesabu utapata, unazijua kuliko mimi. Wanaanguka kwenye ufahamu wa habari mbili. Wanakupa habari ya mtu mmoja, halafu habari ya mtu mwingine juu ya jambo lilelile, kisha yanakuja maswali. Mengine ni ya habari ya kwanza, mengine ya habari ya pili, na mengine ni ya zote mbili kwa pamoja. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniangusha mimi pale dirishani.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku kwetu na magari yao. Kabla ya hapo kahawa yote ilikuwa inakwenda chama cha ushirika. Basi kila nyumba ilikuwa na upande wake. Baba alikuwa wa ushirika, na alitetea ushirika wake akila, akivaa viatu, hata njiani kwenda kanisani. Mwalimu Hyera, ambaye alikuwa anatufundisha Kiswahili, akatutungia habari mbili: mwandishi wa kwanza anausifu ushirika, wa pili anawasifu wanunuzi binafsi. Nilipoziona nilifurahi. Nilijua kila kitu. Niliandika haraka na nikamaliza wa kwanza.

"Imelda," mwalimu akasema, ameshika karatasi yangu, "swali linauliza mwandishi wa pili angemjibuje wa kwanza. Wewe umeniandikia baba yako anaonaje."

Darasa zima likacheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, baba yake hajasajiliwa mtihani huu."

"Na wewe nyamaza," mwalimu akamjibu. "Wa kwako naye nimemsoma humu."

Wao walicheka tena na kusahau. Mimi sikusahau. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa babu. Nasema babu yangu mimi, yule mzee ambaye wewe ni kitukuu chake. Nilimkuta uani anaanika maharage.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Mwalimu Hyera ananichukia."

"Amesema hivyo?"

"Amesema baba hajui kitu."

"Amesema hivyo?"

Nikaokota harage moja. Babu akaendelea kutandaza maharage kwa kiganja, polepole, kana kwamba mimi sipo. Kisha akasema, "Sijakuuliza umeumia wapi. Nimekuuliza mwalimu amesema nini."

Nikayarudia maneno ya mwalimu kama yalivyokuwa. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu, niliona hayakuwa na ubaya wowote. Nilitamani kuondoka, lakini babu akaniwahi. "Jumapili baada ya misa uje hapa. Kanisi na Beda wanakuja kugombana kwangu."

Wewe umekulia ziwani, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wamatengo tulikuwa na desturi, wanaume wa ukoo kula pamoja kwa mzee wa ukoo, na baada ya kula ndipo mashauri huzungumzwa. Panaitwa sengu. Kipindi changu kula pamoja kulikuwa kumepungua, kila mtu anakula kwake, lakini mashauri bado yalikuwa yanaletwa kwa babu. Naye alikuwa na sharti lake. Mmoja atasema yote bila kukatizwa. Mwenzake haruhusiwi kujitetea mpaka kwanza ayarudie yale aliyoyasikia, na msemaji akubali kwa kusema "ndivyo." Wazee wengine walilichukia sharti hilo kwa sababu lilikuwa linawapoza hasira kabla hawajaitumia.

Jumapili nikaenda. Kanisi ni baba mdogo Kanisius, unayemwita babu. Beda ni jirani yake wa juu mlimani. Unayajua mashimo yetu ya ngoro, yale unayoyaona ukipanda kuja kwetu, mteremko mzima umetobolewa kama sega la nyuki. Mashimo yale ndiyo yanayozuia maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mwaka ule Beda hakuchimba ngoro, alipiga matuta tu. Maji yakashuka, yakajaza tope mashimo ya baba mdogo, na maharage yake yakafukiwa.

Baba mdogo akasema yake yote. Alipomaliza, babu hakumgeukia Beda. Alinigeukia mimi. "Imelda, turudishie maneno ya Kanisi."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Wazee wote wananitazama, na mimi nilikuwa naona haya hata kujibu "nipo" mwalimu akiita majina. Lakini babu alikuwa anasubiri, na babu akisubiri hakuna pa kupita. Nikaanza. Nikasema maji yaliingilia kona ya juu, yakitokea pale barabara mpya inapoishia. Nikasema maharage yamefukiwa. Nikasema Beda aliacha kuchimba ngoro kwa makusudi.

"Ndivyo?" babu akauliza.

"Hapana," baba mdogo akasema. "Mimi makusudi sikusema. Makusudi ameyaleta mtoto."

Beda akacheka mpaka akashika goti. "Kanisi, leo umenitetea mbele ya watu. Nitakuletea kuku."

"Lete kwanza maharage yangu."

Babu hakucheka. Aliniuliza, "Hilo neno umelitoa wapi?"

"Kichwani, babu."

"Kichwani mwa nani?"

"Mwangu."

"Basi libaki huko huko."

Kisha Beda akasema yake. Vijana wake wote wameondoka kwenda kupakia kahawa kwenye magari ya wanunuzi, na yeye mgongo hauinami tena. Hata matuta yake mwenyewe yalikatwa na maji yaliyotoka kwenye barabara ile mpya iliyochongwa ili magari yafike juu. Nikayarudia. Safari hii nilitembea juu ya maneno yake taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Beda akasema, "Ndivyo."

Nilidhani nimemaliza. Babu akasema, "Sasa tuambie hawa wawili wamekubaliana wapi."

Wamekubaliana? Walikuwa hawajaamkiana tangu waingie. Nikarudi nyuma kichwani, nikamsikiliza mmoja, nikamsikiliza mwingine, na nikaliona lile ambalo nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu mara mbili bila kulisikia. "Wote wawili wamesema maji yanatoka kwenye barabara mpya," nikasema, kwa sauti ambayo sidhani ilifika mlangoni.

Ilikuwa imefika. Baba mdogo na Beda wakatazamana, mara ya kwanza siku ile. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekubaliana kuchimba mstari wa ngoro pamoja kando ya barabara, na baba mdogo atashika jembe sehemu ya Beda kwa ajili ya mgongo wake. Kuku sijui kama aliletwa.

Nilipokuwa naaga, babu alinishika bega. "Kanisi ana mdomo, ndiyo maana ameweza kukukatalia. Hao watu wako wa kwenye karatasi hawana. Ukiwaongezea neno, hakuna atakayesema hapana. Itabidi ujikatalie mwenyewe."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko maneno hayo, na wakati ule niliitikia tu "ndiyo, babu" kama mtu aliyetumwa chumvi.

Siku ya mtihani nilikuja hapa nimevaa sweta la mama. Habari zetu mbili zilikuwa juu ya redio. Mzee mmoja anaandika kwamba tangu redio iingie kijijini kwake, mazungumzo ya jioni yamekufa, watu wanakusanyika pale ilipo na kukaa kimya. Mama mmoja anaandika kwamba majirani wanajaa kwake kusikiliza redio, na wanawe wamejifunza mengi. Unajua nilivyokuwa napenda redio. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwa yule mama kabla hata sijamaliza habari yake.

Nikaukalisha. Nilisoma habari ya mzee peke yake kana kwamba mama hayupo duniani, na pembeni nikaandika kwa penseli maneno machache: analalamika, mazungumzo yamekufa. Nikajibu maswali yake hapo hapo, hali sauti yake bado iko sikioni. Kisha nikaenda kwa mama, vilevile, nikamalizana naye. Mwisho kabisa ndipo nilipowakalisha wote wawili na kusoma maswali ya pamoja.

Swali moja likauliza ni jambo gani waandishi wote wawili wangekubaliana nalo. Katika majibu ya kuchagua, moja lilisema redio daima huharibu watoto. Mzee hakusema daima, na watoto hakuwataja kabisa. Jingine lilisema redio ina faida kuliko mazungumzo. Hilo nililipenda, mkono ulikuwa umeshalielekea. Kisha nikasikia sauti ya baba mdogo, wazi kabisa: makusudi ameyaleta mtoto. Nikacheka peke yangu, na sista aliyekuwa anasimamia akanitazama kwa mashaka. Nikachagua lile lililosema kwamba penye redio watu hukusanyika. Lilikuwa jibu dogo, halina mbwembwe. Lakini mzee angesema ndivyo, na mama angesema ndivyo.

Majina yalipobandikwa, langu lilikuwamo. Nilipanda kwa babu nikiwa nimepanga maneno ya shukrani njia nzima. Nikafika, nikasema shikamoo, na maneno yote yakapotea. Nikasimama tu nikikuna kiwiko. Babu akanionyesha kigoda. "Hao wawili wa kwenye mtihani walisema nini?"

Nikamsimulia mzee na mama, na redio zao. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akayarudia yote, mzee alisema hivi, mama alisema hivi, bila kuongeza kitu wala kupunguza, kisha akanitazama. "Ndivyo?"

"Ndivyo, babu," nikasema, na machozi yakanitoka. Naamini alielewa kwamba hapo ndipo nilipomshukuru. Siku hizi masikio yake yamekuwa mazito, na kila likizo nikienda nakaa karibu na sikio lake zuri na kumrudishia habari za shule. Bado ananiuliza nimelitoa wapi neno fulani.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na si zangu. Msikilize mmoja umalize, ujibu yaliyo yake, ndipo umfungulie mwenzake mlango. Andika pembeni kwa maneno machache kila mmoja anataka nini, ili usiwachanganye saa inapokimbia. Ukiulizwa huyu angemjibuje yule, vaa viatu vyake, si vyako, hata kama vinakubana. Ogopa jibu lenye neno kali kuliko lililoandikwa, kama daima, wote, kamwe, makusudi. Na usiache kutafuta wanapokubaliana, hata kama wameanza kwa kugombana. Nawe hasa, jihadhari siku watakapokuletea habari za ziwa. Wakiandika juu ya nyavu na usipa utaona unajua kuliko waandishi, na pengine ni kweli unajua. Yaache unayoyajua nje na ndala zako. Utayakuta ukitoka.

Mungu akutulize mikono siku hiyo. Akupe masikio ya babu, na macho yanayoona kilichoandikwa. Akufikishe salama kutoka Mbaha, barabara isiwe na tope, na kalamu isikuishie wino. Ukimaliza utanikuta nje kwenye ngazi za bwalo. Sitakuuliza kama umefaulu. Nitakuuliza hao wawili walisema nini, nitayarudia yote, nawe utaniambia kama ndivyo.